Baksamu wa Msamiati

Mwanamume aliyetaka kumwoa dada yangu alijulikana mji mzima kwa jina la Msamiati. Hakubandikwa jina hilo na maadui zake. Alijibandika mwenyewe, redioni, akalipenda kama jogoo anavyoipenda sauti yake. Kila asubuhi, baada ya taarifa ya habari na kabla ya tangazo la sabuni, alikuwa na kipindi kifupi alichokiita Neno la Leo. Alichukua neno la Kiingereza, akaligeuzageuza mdomoni kama pipi, kisha akatueleza maana yake sisi tusiojua. Nusu ya maana hizo alizitoa kwenye kamusi, nusu alizitoa kichwani. Lakini sauti alikuwa nayo, hilo siwezi kumnyima. Ilikuwa sauti nzito, yenye mafuta, sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Wahenga walishasema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakutuambia tu kwamba debe hilo likipewa kipaza sauti, watu wataacha kazi zao walisikilize.

Sisi tulikuwa mafundi wa makochi. Karakana yetu ilikuwa chumba kirefu kilichobanwa kati ya duka la vioo na duka la matairi, vumbi la sponji limetanda hadi kwenye kope zetu. Fundi hasa alikuwa dada. Yeye ndiye aliyebomoa kochi likabaki mifupa, akabadilisha springi, akavuta mikanda ya mpira huku mguu mmoja ameukita kwenye fremu, akapanga sponji, akafunika. Mimi nilikuwa wa cherehani. Nilishona vifuniko, nikapokea wateja, na nikasema maneno ambayo dada aliona haya kuyasema.

Dada ni mtu mkubwa. Sisemi mnene, nasema mkubwa: kifua, mabega, nyonga, na mikono iliyonyanyua kochi la watu watatu na kuliteremsha bila mguu wa kochi hata mmoja kugonga sakafu. Tangu shuleni walimwita Kontena. Hata wateja wetu, wale wanaodhani fundi hana masikio, walinong'onezana kwamba huyu naye kajijazia sponji mwenyewe. Dada aliendelea kugonga misumari. Ni mimi tu niliyejua kwamba nyundo imebadilika sauti.

Msamiati alikuja na kiti cha studio, kiti cha kuzunguka kilichopasuka pale pa kukalia, sponji inachungulia nje. Hakukikabidhi akaondoka kama watu wengine. Alisimama mlangoni akamtazama dada akikichuna kiti chake, akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Bibie," akasema, "unajua wewe ni nani? Wewe ni baksamu."

Dada akashusha koleo. "Mimi ni nini?"

"Baksamu. Linaandikwa buxom. Ni Kiingereza hicho. Ni mwanamke aliyejaaliwa, aliyeumbika, aliyejaa pale panapotakiwa kujaa. Sisi hatuna neno lake."

Hatuna neno! Lugha yenye bonge na kibonge, yenye jimama, yenye tipwatipwa, na mtu huyu, kwa pumzi moja, amekwisha kutumia maneno yetu kadhaa kueleza kile anachosema hatuna neno lake. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini nikamtazama dada. Alikuwa ameshika chaki ya kuchoria vitambaa na anamwomba yule bwana ataje herufi tena, polepole, ili aziandike kwenye ubao wa fremu.

Sikumlaumu siku ile. Mtu aliyeitwa Kontena tangu utotoni, ukimletea jina linalonukia kama manukato, utamlaumu vipi akilipokea kwa mikono miwili?

Basi Msamiati akawa mtu wa karakanani. Alikuja mchana baada ya kipindi, akakaa kwenye makochi ya wateja, akaongea. Hakuwahi kushika hata ncha ya kitambaa atusaidie kukunja. Aliongea juu ya wasikilizaji wake, juu ya mkurugenzi wa redio asiyemthamini, juu ya Kiingereza kinachoharibiwa na watu wasio na koo la kukitamkia. Kila alipotaka kupumua alimgeukia dada na kusema, "Au siyo, baksamu wangu?" Na dada, mwanamke aliyewahi kumtoa mlangoni mteja mlevi kwa kumbeba kama mto wa kochi, akacheka na kuinamisha macho. Alivishwa kilemba cha ukoka, akakivaa kama taji.

Haukupita muda akampeleka hewani. Nilikuwa kwenye cherehani niliposikia: "Wasikilizaji wangu, neno la leo ni baksamu, na leo halitoki kwenye kamusi, linatoka moyoni." Akamweleza dada yangu kuanzia mabega kwenda chini kana kwamba anatangaza kiwanja kinachouzwa. Hakumtaja jina, lakini akataja karakana ya makochi iliyo jirani na duka la vioo. Wiki ile tulipata wateja ambao hawakuwa na kochi la kutengeneza. Walikuja kumtazama dada kama watu wanavyotazama jokofu jipya dukani, wakauliza bei ya hiki na kile, wakaenda zao wakicheka.

"Anakutangaza," mama alimwambia dada jioni, macho yanang'aa. Kwa mama yetu, redio ni kitu kilicho karibu sana na serikali. Mtu anayezungumziwa redioni ni mtu aliyeandikishwa. Na mama alikuwa amechoka kuulizwa na majirani kama binti yake mkubwa ataolewa lini. Msamiati hata angekuja akibweka, mama angesema mkwe ana sauti.

Siku ya kumkaribisha rasmi nyumbani, mama alimwalika pia shangazi, dada wa marehemu baba. Shangazi alifundisha Kiingereza chuo kikuu hadi alipostaafu. Lakini mdomo wake haukuwahi kustaafu. Alikaa mwisho wa meza, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, akala taratibu na kumsikiliza Msamiati akiimaliza hewa ya chumba chote. Sahani zilipoanza kuwa nyeupe, akaweka kijiko chini.

"Nasikia mtoto wetu umempa jina," alisema.

"Baksamu, Shangazi."

"Kwa maana gani?"

Msamiati hakujibu kwa mdomo peke yake. Alichora hewani kwa viganja viwili, juu kwanza, kisha chini, mbele ya mama mkwe mtarajiwa, ambaye ghafla aliona kitu cha kutazama ndani ya sahani yake.

"Hiyo ni maana ya juzijuzi tu," shangazi akasema. "Neno lenyewe ni kuukuu. Limezaliwa na kitenzi cha kuinama. Waingereza wa kale walipomwita mtu buxom walimaanisha kwamba anapindika, hana ubishi, anatii. Bibi harusi alisimama kanisani akaapa kuwa hivyo kwa mumewe, kitandani na mezani. Hakuna aliyekuwa akifikiria kifua."

"Sasa likafikaje kifuani?" nikauliza.

"Polepole, kama maneno yote yanavyotembea. Anayetii huonekana mpole. Mpole akawa mkunjufu, mkunjufu akawa mchangamfu. Mchangamfu akawa mtu mwenye afya, na mwanamke mwenye afya, machoni pa wanaume, akawa aliyenona. Wanaume walipofika hapo hawakuona haja ya kuendelea na safari." Akanywa maji. "Na msidhani lilikuwa la wanawake peke yao. Mtumishi wa kiume alikuwa buxom kwa bwana wake. Raia walikuwa buxom kwa mfalme."

Nilimtazama Msamiati nikingoja aibu imshuke usoni. Miezi yote ile amelitembeza neno mjini bila kujua limezaliwa wapi! Lakini aibu ni mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba zenye watu. Uso wa Msamiati ulianza kwa kukunjamana, kisha ukafunguka, ukang'aa, akapiga meza hadi bilauri zikaruka.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe neno lilinijua kabla mimi sijalijua! Umbo na tabia, vyote ndani ya neno moja. Mwili uliojaa na shingo inayoinama!"

"Nimesema pia mtumishi wa kiume," shangazi akamkumbusha.

"Hilo limepitwa na wakati, Shangazi."

"Na la bibi harusi halijapitwa?"

"La bibi harusi ni maadili."

Shangazi akavaa miwani yake, akamtazama kupitia vioo, kisha akaivua tena kana kwamba kilichoonekana hakikustahili gharama ya lenzi. Dada alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayefunika sufuria lisifurike, akamwongezea Msamiati chakula. Mama akasema utii haujawahi kumuua mtu. Nikakusanya vyombo kwa kelele kubwa kuliko ilivyohitajika.

Tangu siku hiyo neno likapata kazi mpya. Mwanzoni lilitumwa maji. "Kuwa baksamu basi, nipe maji ya kunywa." Kisha likaanza kumtembeza dada huku na huko: sogea pale, kaa hapa, nyanyuka mgeni wangu apate nafasi. Kisha likaingia kazini. Haipendezi mchumba wa mtu wa redio aonekane amebeba kochi barabarani, tuajiri wapagazi. Haipendezi abishane na wateja. Haipendezi acheke namna ile. Dada yangu alikuwa na kicheko kinachosikika hadi duka la matairi, na mafundi wa huko walizoea kucheka nacho bila kujua kilichochekesha. Kikapungua. Kikawa kitu cha puani. Kila alipopunguza kitu, Msamiati alimpigapiga begani na kusema, "Unaona? Liko damuni mwako."

Baadaye ikaja habari ya hoteli. Meneja wa hoteli kubwa ya mjini alikuja mwenyewe karakanani. Alitaka viti vyote vya ukumbi wa chakula vivuliwe na kuvalishwa upya, kazi ya kutuweka bize msimu mzima, sehemu yake ifanyikie pale pale hotelini. Dada alivikagua viti viwili vya mfano alivyoleta, akabonyeza springi kwa kiganja, akaomba apewe siku ya kufikiri. Nilishangaa. Dada hajawahi kufikiri juu ya springi. Springi huwa anazijua.

Kesho yake alimpigia meneja simu akakataa.

"Umekataa?" nilimuuliza. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na nikauweka chini kwa usalama wa wote.

"Msamiati amesema si vizuri niwe napiga magoti katikati ya hoteli na wanaume wakinipita."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia naitaka kazi hii." Alikuwa anaokota misumari sakafuni, hanitazami. "Nilimwambia mara mbili. Akasema nipinde kidogo tu, ndiyo maana ya jina langu."

"Na wewe ukapinda. Kazi ya msimu mzima, dada. Kwa ajili ya neno!"

"Si kwa ajili ya neno. Kwa ajili ya mtu."

"Mtu yuko wapi? Mimi naona redio tu, na haina hata kitufe cha kuzimia."

Hapo akanyanyuka. Ananizidi urefu, ananizidi kila kitu, lakini hakupaza sauti. "Wewe hujawahi kuitwa Kontena," akasema.

Tulifanya kazi hadi kufunga, yeye na nyundo yake, mimi na cherehani yangu.

Msamiati, kwa upande wake, alikuwa anashamiri. Alichukua somo la shangazi, akaling'oa jina la mwenyewe, akalipeleka hewani kama utafiti wake. Aliwaambia wanawake wote wenye miili kwamba Kiingereza, lugha ya sayansi, kimethibitisha kuwa wamepewa umbo pamoja na wajibu. Mtumishi wa kiume hakutajwa, wala raia wa mfalme. Wanaume walipiga simu kumpongeza. Shangazi naye alipiga. Alifika kwenye maneno "mimi ndiye niliyekueleza," Msamiati akasema, "Samahani msikilizaji, simu yako inakwaruza," na muziki ukaingia.

"Simu yangu haijawahi kukwaruza," shangazi aliniambia mchana. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ile sauti ya mwalimu anayesahihisha insha ya mwanafunzi ambaye hatafaulu.

Ikafika sherehe ya kipindi cha Neno la Leo kutimiza mwaka mwingine. Msamiati akataka dada awe mgeni studioni. Alikuja karakanani siku moja kabla kumfundisha. Pete alishainunua, akatuonyesha kisanduku, akakifunga kabla hatujaona vizuri. Angemuuliza hewani kama atakubali kuolewa, na dada angejibu.

"Wewe sema tu ndiyo," alimwelekeza. "Halafu cheka kidogo. Lakini siyo kile kicheko chako kikubwa, kitaharibu mitambo."

Dada akatikisa kichwa kukubali. Nilitamani kumrushia yule bwana kiatu cha cherehani, kile cha chuma kinachobana kitambaa.

Asubuhi yake dada alivaa gauni la kijani alilonishonesha mimi mwenyewe, akapaka mafuta mikono yenye makovu ya stepla, akaenda. Mama alihamia karakanani na redio yake kwa sababu nyumbani, alisema, mawimbi hayafiki vizuri. Ukweli ni kwamba alitaka mafundi wa matairi na wauza vioo wasikie. Shangazi alikuja pia, bila kualikwa. Tukakaa watatu kwenye kochi ambalo lilikuwa bado halijawekwa sponji, springi zikitulalamikia chini yetu.

"Wasikilizaji," ikasema ile sauti ya mafuta, "kila siku nawaletea neno. Leo neno limekuja kwa miguu yake." Akacheka peke yake. Akasimulia walivyokutana, na katika simulizi hiyo kiti hakikupasuka na yeye hakuwa mteja. Akasimulia maana za baksamu, ile ya umbo, akatua, na ile ya utii, akatua zaidi. "Na sasa, mpenzi, mbele ya mji mzima nakuuliza. Utakuwa baksamu wangu, kwa maana zote mbili?"

Mama akanishika goti.

"Maana ni nyingi kuliko hizo," tukamsikia dada. "Kuna upole, kuna uchangamfu, kuna afya. Shangazi alizitaja zote na wewe ulikuwepo mezani. Umechukua mbili tu."

"He-he! Hizo mbili zinatutosha, mpenzi."

"Ya umbo nilikuwa nayo kabla hatujakutana. Ile nyingine nimeijaribu. Nimekataa kazi. Nimepunguza sauti. Siku hizi nikitaka kucheka natazama mlangoni kwanza kama umefika. Nimeijaribu kweli, hutasema sikujaribu."

"Mpenzi, tuko hewani..."

"Najua tuko hewani. Basi jibu ni hapana. Sitakuwa baksamu wako, wala mkeo. Nimemaliza. Weka tangazo lako."

Redio ikanyamaza. Sijui kama umewahi kusikia redio ikinyamaza yenyewe, pasipo mtu kuizima. Ni kimya kinachomfanya kila mtu aitazame. Kikasikika kitu kama kiti kinasukumwa, mtu akikohoa mbali na kipaza sauti, kisha likaja tangazo la sabuni. Lilipokwisha, likarudiwa. Ng'ambo ya ukuta, kwenye duka la matairi, mtu alipiga mluzi.

"Mungu wangu," mama akasema. "Mbele ya watu wote."

Shangazi alifungua mkoba wake, akatoa pipi ya mnanaa, akanipa moja na kula nyingine. Mimi nilicheka. Nilicheka hadi springi chini yetu zikaanza kuitikia, hadi mama akanyanyuka, akachukua redio yake na kuondoka bila kuaga.

Nilidhani dada atarudi kama mshindi, na nilikuwa nimemwandalia kejeli za kumsindikiza Msamiati kaburini. Alirudi kwa miguu, viatu mkononi, akakaa sakafuni na gauni lake la kijani, katikati ya mabaki ya vitambaa, akalia.

"Nilimpenda kweli, unajua," akasema. "Yule ndiye mtu wa kwanza kunitazama bila kutafuta pa kuchekea."

Zile kejeli nikazimeza. Nilikaa karibu naye nikamwegemea. Baadaye alijifuta uso kwa kipande cha sponji, akaniuliza kama kuna chakula.

Msamiati hakufa kwa aibu, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Kesho yake alirudi hewani akasema kulikuwa na hitilafu ya mitambo na kwamba baadhi ya sauti zilizosikika hazikuwa za kituo. Kisha akaleta neno la Kiingereza lenye maana ya mtovu wa shukrani, akalieleza kwa kirefu, na akafungua simu. Msikilizaji wa kwanza akauliza, "Na baksamu vipi, amerudi?" Wa pili naye aliuliza hilo hilo. Ikawa kila akifungua simu ni baksamu. Mitaani neno lilishamponyoka. Muuza vioo akimpa mteja bei naye akikataa mbele za watu, muuza vioo anamwambia, "Ndiyo umenifanyia baksamu?" Wasichana wa duka la simu walikuwa wakiambiana juu ya mtu mbishi, "Mbaksamu huyo, atakusumbua." Shangazi alifurahi kama mtu aliyeletewa mjukuu. Alisema angekuwa bado chuoni angewapeleka wanafunzi wake mitaani wakalisikilize.

Mkurugenzi wa redio hatimaye alimhamishia Msamiati kwenye matangazo ya vifo. Yupo huko hadi leo. Sauti yake inafaa sana, na marehemu hawapigi simu.

Kuhusu hoteli, dada alikwenda mwenyewe kumwona meneja. Meneja alikuwa muungwana, alimpa kiti na chai, akamwambia kazi imeshachukuliwa na fundi mwingine. Hapakuwa na la kufanya. Tulirudi kwenye makochi ya mojamoja na viti vya kungojea vya zahanati, na msimu ule ulikuwa mwembamba kuliko sisi sote. Lakini kicheko kikarudi. Sikuiona siku kilipoanza. Nilishtuka tu siku moja fundi wa matairi alipoitikia kutoka ng'ambo ya ukuta.

Aliyechelewa kurudi ni mama. Alinuna kwa muda mrefu. Aliongea nasi kwa mambo ya lazima tu, chumvi, ufunguo, mlango. Majirani walikuwa wakimuuliza kama ile sauti ilikuwa ya binti yake, naye alikuwa akisema redio siku hizi hazieleweki. Kisha mchana mmoja akatokea karakanani na chupa ya chai. Akafuta kigoda kwa upindo wa nguo yake, akakaa, akamtazama dada akivuta mkanda wa mpira, mguu umekitwa kwenye fremu, jasho linamtiririka.

"Ungeweza kumkatalia nyumbani," mama akasema hatimaye. "Ukamfichia aibu."

Dada aliupigilia mkanda msumari kwanza. "Nyumbani nilimkatalia, mama. Si mara moja. Hakusikia. Yule mtu anasikia redioni tu."

Mama alimimina chai, akanipa mimi, akampa dada, akajimiminia yake. Akaipuliza kwa muda.

"Baba yenu naye alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Tatizo mimi sikuwa na redio."